Mafuta ya Sangara

Zamani, fukwe za Nyegezi zilianikwa furu. Ni samaki wadogo, hawana mafuta mengi, na jua liliwatosha. Sangara aliletwa ziwani kutoka nje, upande wa Uganda, kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameijaza Ghuba ya Mwanza, na aina nyingi za furu hazionekani tena. Huyu hakuanikika. Mafuta yake yalilishinda jua, ikabidi akaushwe kwa moshi au akaangwe, mara nyingi katika mafuta yake mwenyewe, na kuni zikaliwa sana.

Kwa mlaji mafuta hayo yalikuwa utamu na nguvu, basi. Lakini mwaka 1990, Uingereza, Isabelle Issemann na Stephen Green walitangaza kwamba wamepata katika ini la panya kipokezi kinachofanya kazi ndani ya kiini cha seli. Wakakiita PPAR. Kiliamshwa na kemikali fulani, zikiwamo dawa za kupunguza mafuta ya damu. Sasa, mwili haukuumbwa ukisubiri dawa. Kipokezi kilikuwa kinamngoja nani? Mwaka 1997 maabara kadhaa zilionyesha kwamba asidi za mafuta zenyewe hujishikiza hapo. Kikishikwa, kipokezi huungana na mwenzake, RXR, hukaa juu ya DNA na kuamsha jeni zinazolifanya ini liunguze mafuta. Mafuta ya samaki hufanya na la pili: hutuliza jeni zinazotengeneza mafuta mapya. Ni kama kuni ziingie jikoni na kuanza kumwelekeza mpishi.

Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, kusini mwa nchi yetu. Wanakijiji waliokula mimea walilinganishwa na wenzao wa Ziwa Nyasa, waliokula gramu 300 hadi 600 za samaki wa maji baridi kwa siku. Wala samaki walikuwa na shinikizo la chini la damu, na lehemu kidogo. Utafiti ulipima damu, haukupima jeni, na Nyasa si Victoria. Hata hivyo si jambo la kupuuzwa.

Miaka hiyohiyo viwanda vya Mwanza vilikuwa vikipeleka minofu Ulaya. Kwetu yalibaki mapanki: kichwa na mifupa. Hata mabondo baadaye yalipata wateja wa China. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ilipoonyesha mapanki yakikaangwa, tulibishana juu ya aibu ya taifa, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani. Mimi ningeuliza habari za karai. Kichwa cha sangara kina mafuta ya kutosha, ila mafuta ya kukaangia yakichemshwa tena na tena, asidi zilezile ambazo kipokezi kinazipokea vizuri ndizo za kwanza kuharibika.

Dagaa bado anaanikwa juani. Magunia kwa magunia huenda kwenye chakula cha kuku.