Upimaji wa glakoma kwa picha katika macho yenye miopia

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu polepole neva ya jicho na kupunguza uwezo wa kuona. Uharibifu huo hutafutwa kwa OCT, teknolojia ya picha za mwanga iliyotangazwa mwaka 1991, ambayo hupima kwa mikromita unene wa tabaka la nyuzi za neva kwenye retina.

Jicho lenye miopia, yaani lisiloona vizuri vitu vya mbali, mara nyingi ni refu kuliko kawaida. Urefu huo hubadilisha ukubwa wa picha, hivyo tabaka huonekana jembamba, na sehemu zake nene husogea kuelekea upande wa sikio. Mashine hulinganisha vipimo na vya macho yenye afya, ambamo kwa kawaida wenye miopia kali hawakujumuishwa. Basi huonyesha rangi nyekundu, yaani ishara ya wembamba usio wa kawaida, hata pasipo ugonjwa. Kosa hili si dogo: mgonjwa anaweza kutumia dawa ya matone kwa miaka bila sababu. Lakini kuipuuza rangi hiyo nako ni hatari, kwa kuwa miopia yenyewe huongeza uwezekano wa kupata glakoma. Ndiyo maana hupimwa pia makula, yaani sehemu ya katikati ya retina, na upeo wa kuona, na picha hurudiwa baada ya miezi kadhaa ili kuona kama wembamba unaongezeka.