Geji ya kompresheni: kutoka Augsburg hadi Nyahururu

Leo naweka programu kando, tuingie gereji kidogo.

Mjomba wangu ana Mercedes 240D, ile ya miaka ya 70. Asubuhi za baridi kule Nyahururu ilikuwa haiwaki. Fundi mmoja akamwambia injini imekwisha, ifunguliwe yote. Mjomba akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Nikamuuliza, "Mjomba, kompresheni wamepima?" Wapi! Ni kama sisi tunaoandika programu upya bila kusoma logi.

Dizeli haihitaji cheche. Hewa ikibanwa sana hupata joto la kuwasha mafuta, basi. Ndiyo maana kupima mbano kulianza kabla injini yenyewe haijaweza kutembea. Kwenye karatasi Rudolf Diesel aliota angahewa 250. Alipofika kwenye chuma akashuka sana. Tarehe 10 Agosti 1893, kiwandani Augsburg, Ujerumani, silinda yake ilifungwa indiketa, chombo cha kuchora shinikizo kilichotokana na injini za mvuke za James Watt. Mafuta yalipowaka, shinikizo lilifika angahewa kama 80, indiketa ikalipuka na vipande vikaruka. Injini haikuzunguka yenyewe siku hiyo, lakini moto bila cheche ulikuwa umepatikana! Februari 1894 ikazunguka kwa nguvu yake, dakika moja hivi. Mercedes ya abiria ya dizeli, 260 D, ikaja 1936.

Turudi kwa 240D. Ikiwa nzima hutoa bar 22 hadi 24, isishuke chini ya 15, na silinda zisipishane zaidi ya 3. Tukaiwasha kwa shida ikapata moto, tukachomoa hita plagi zote, tukakata mafuta, tukafunga geji ya dizeli (ya petroli haiwezi) na kupiga stata.

18, 17, 18, 9.

Hiyo 18 isikushtue. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu, hewa ni nyepesi. Kesi ni ile 9. Tukatia oili matone machache tu, kwa sababu chumba cha dizeli ni kidogo na oili nyingi hudanganya geji. Bado 9. Basi si ringi, pengine valvu. Injini hii valvu zake hurekebishwa kwa mkono, na moja ya egzosi ilikuwa imebana, haifungi. Ilipopoa tukairudisha nafasi yake sahihi, tukapima tena: 17.

Ng'ombe bado anakamuliwa.