Mchikichi, Minazi na Matete: Uoto wa Mchikichini na Bonde la Msimbazi

Mchikichini ni kata ya Ilala, jijini Dar es Salaam, jirani na Kariakoo, kando ya bonde la Mto Msimbazi. Jina lake linatokana na mchikichi, mti wa mawese. Mti huu hupenda maji na jua, wala hausitawi chini ya msitu uliofunga. Huko Kongo na Afrika Magharibi huonekana sana kandokando ya mito na katika mashamba yaliyoachwa. Jina hilo basi huenda linaashiria pahali palipokwisha kufyekwa.

Msitu wa pwani uliokuwapo awali umebaki vipande tu katika vilima vya Pugu na Kazimzumbwi, upande unakoanzia Msimbazi, ukiwa na mimea na wadudu wasiopatikana kwingine duniani. Mjini ulifuata mnazi. Eneo la Kariakoo lilikuwa shamba la minazi la Mjerumani Schoeller, ambalo serikali ya kikoloni ililinunua kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza ili kuwapangia Waafrika makazi. Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Pahali pa msitu wa miti ya kila aina palikuwa pamekwisha kuwa shamba la mti mmoja. Nyumba zilimalizia kazi. Kumbukumbu iliyobaki ni majina: Mnazi Mmoja, Mchikichini na, mbele kidogo, Mikocheni.

Wanaikolojia huita hali ya uoto mmoja kuuachia mwingine nafasi mfuatano wa kiikolojia. Ardhi tupu huanza na majani, vikaja vichaka, kisha miti ipendayo jua, na hatimaye miti inayovumilia kivuli. Mmarekani Frederic Clements aliuelezea mwaka 1916 kama safari yenye kituo kimoja cha mwisho. Mwenzake Henry Gleason alimpinga mwaka 1926: kila mmea hufika kwa bahati na mahitaji yake. Msimbazi unamuunga mkono Gleason.

Bondeni, safari hiyo haifiki mbali. Mafuriko hukata kingo na kumwaga mchanga na tope. Yale ya Desemba 2011 yaliwaondoa wakazi wengi, baadhi wakahamishiwa Mabwepande. Maji yakipungua huchipua matete na mabingobingo, kisha mbarika. Kabla miti haijakua, hufika jembe la mkulima wa mchicha na matembele, au mafuriko mengine. Bonde hubaki changa miaka yote. Mlangoni mwa mto, karibu na Daraja la Salenda, mambo ni tofauti: mikoko hunasa tope kwa mizizi yake, na samaki wadogo hujificha humo.

Mabadiliko hayakuishia kwenye mimea: kwa ndege, mgeni ameshinda. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890, sasa ameenea mjini. Hula taka za masoko, na hupora mayai na makinda ya ndege wa asili.