Pombe Si Shayiri Peke Yake

Leo hatuzungumzii mbolea wala viwavi. Leo tunazungumzia pombe. Hatusemi watu wanywe, la. Tunataka tujue historia yake, kwa sababu historia hiyo imo ndani ya ghala lako na katika shamba lako la mihogo.

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba bia ni shayiri. Nayo shayiri hupenda nchi ya baridi, kama Monduli na Karatu huku Tanzania, au Narok kule Kenya. Basi mkulima wa Dodoma au wa Kitui, mwenye mtama wake na mihogo yake, akajiona hahusiki. Je, ni kweli hahusiki? Tutazame.

Chachu haili wanga. Chachu inakula sukari. Ndizi mbivu, asali na miwa vina sukari tayari, ndiyo maana wanzuki ya asali na dengelua ya miwa huchacha zenyewe. Lakini mtama, mahindi na mihogo ni wanga. Ni lazima kwanza wanga huo ugeuzwe kuwa sukari. Binadamu amegundua njia tatu za kufanya kazi hiyo.

Njia ya kwanza ni kimea, na hii mama zetu wanaijua vizuri. Nafaka inalowekwa, inafunikwa mpaka iote, inaanikwa, halafu inasagwa. Mbegu inapoota hutoa vimeng'enya, yaani vitu vinavyouvunja wanga ili mche mchanga upate chakula. Mpika pombe anaichukua kazi hiyo ya mbegu akaitumia kwenye pipa. Mbege ya Kilimanjaro inapikwa kwa ndizi mbivu pamoja na kimea cha ulezi. Ndizi zinatoa sukari yake, na kimea kinageuza wanga.

Njia ya pili ni mate. Usicheke! Tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa kwa muda mrefu, utaona kinaanza kuwa kitamu. Huko Brazili, nchi ya asili ya muhogo, wanawake wa Watupinamba walichemsha mihogo, wakaitafuna, wakairudisha chunguni ichache. Pombe hiyo inaitwa cauim. Mjerumani mmoja, Hans Staden, aliyetekwa na watu hao, aliiandika habari yake katika kitabu cha mwaka 1557. Katika karne hiyo hiyo ya 16 Wareno walianza kuuleta muhogo Afrika.

Njia ya tatu ni ukungu. Wajapani hupandisha ukungu maalumu juu ya wali, nao ukungu ndio unaougeuza wanga. Lakini usiuige kwa mahindi yaliyooza! Ukungu wa ghalani kwetu unaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, shayiri ni nafaka moja tu miongoni mwa nyingi. Imekuwaje basi ikapewa cheo peke yake?

Viwanda vya bia vililetwa kwetu na wakoloni: Kenya mwaka 1922, Tanganyika mwaka 1933. Wakoloni walikuja na mapishi ya kwao, na mapishi ya kwao yalikuwa ya shayiri. Pombe ya mtama ikaitwa pombe ya kienyeji, ikadharauliwa. Lakini pesa zake hazikudharauliwa. Huko Durban, Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1908 iliipa halmashauri ya mji haki ya kupika na kuuza pombe ya mtama peke yake. Wanawake waliopika majumbani walikamatwa na pombe yao ikamwagwa. Mwezi Juni mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor walichoka, wakaingia katika vilabu vya halmashauri na kuwafukuza wanywaji.

Baada ya uhuru viwanda viliendelea na shayiri. Kilichovibadilisha ni pesa. Nigeria ilikuwa ikinunua kimea cha shayiri kutoka ng'ambo mpaka fedha za kigeni zikawa haba. Mwaka 1988 serikali ikapiga marufuku kukiingiza, na viwanda vikalazimika kujifunza mtama na mahindi. Uganda ikafuata mwaka 2002 kwa bia ya Eagle, iliyopikwa kwa mtama mweupe wa Epuripur uliotoka kituo cha utafiti cha Serere. Mwaka 2011 Msumbiji ikatoa Impala, bia ya mihogo. Kwa kuwa muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika baada ya siku mbili tatu, mashine ya kuusindika ilipakiwa juu ya lori ikawafuata wakulima.

Haya, sasa sikilizeni vizuri. Bia hizi ziliuzwa bei nafuu kwa sababu serikali zilizipunguzia kodi. Kenya ilikuwa na Senator, iliyoanza mwaka 2004, na baadaye wakulima wengi wa sehemu kavu za mashariki wakalima mtama kwa ajili yake. Mwaka 2013 kodi ikapandishwa. Bei ya bia ikapanda, wanywaji wakaikimbia, kiwanda kikapunguza ununuzi. Mkulima wa mtama hakuwa amekosea kitu shambani. Mvua ilinyesha, mtama ukakomaa, lakini mnunuzi hakuonekana. Kodi ilipunguzwa tena mwaka 2015, lakini aliyekwisha kopa mbegu alikuwa ameshaumia.

Tunajifunza nini? Kwanza, mtama na mihogo si mazao ya maskini. Ni wanga ule ule unaotafutwa na viwanda. Pili, kabla ya kulima kwa mkataba, someni mkataba huo kikundi kizima, mjue nani anabeba hasara kiwanda kikiacha kununua. Tatu, wekeni chakula cha nyumbani kwanza. Mtama uliobaki ghalani unalika. Bia ambayo haikupikwa haishibishi mtoto.

Akiba haiozi, ndugu wakulima. Mpaka kipindi kijacho, kwaherini.