Kiongozi wa Kipofu Alilipwa na Baytul-Mali

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ni jambo la kawaida kituoni kumwona mzee mwenye mkongojo ameachwa na daladala, au asiyeona akingoja msamaria wa kumlipia nauli. Tukishamlipia, huona tumemaliza. Je, safari ya mnyonge ni sadaka ya mpita njia, au ni haki yake katika hazina ya umma?

Kadhi Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 Hijria) amepokea katika Kitabul-Kharaj kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba. Alipomuuliza sababu, alitaja jizya, shida na uzee. Umar akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akamwagiza mtunzaji wa Baytul-Mali amwangalie yeye na walio mfano wake, na akamwondolea jizya. Aliona si uadilifu kula ujana wa mtu na kumtupa uzeeni. Zingatia, ndugu msomaji: Umar hakutosheka na sadaka ya mkono wake.

Kisha akaja Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria (705–715). Imamu At-Tabari anaeleza kuwa aliwapa wenye ukoma posho na kuwakataza kuombaomba, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Hii haikuwa posho ya chakula tu. Ilikuwa ni miguu kwa asiye na miguu, na macho kwa asiye na macho.

Umar bin Abdul-Aziz (99–101 Hijria) naye alimwandikia gavana wake wa Samarkand, Sulayman bin Abi As-Sari, ajenge nyumba za wasafiri. Mpita njia apokewe siku moja na mnyama wake atunzwe, mgonjwa apewe siku mbili, na aliyekwama apewe cha kumfikisha kwao.

Hapa pana mas'ala ya fiqhi. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Mzee tajiri hana fungu humo kwa sababu ya uzee wake peke yake. Kwa hiyo nauli ya bure kwa wazee wote isichukuliwe kwenye zaka, bali kwenye mali ya maslahi ya umma. Kanuni ya mafakihi ni kwamba uamuzi wa kiongozi juu ya raia hufungamana na maslahi yao.

Uingereza, tangu tarehe 1 Aprili 2008, wazee na walemavu wanaostahiki hupanda mabasi ya kawaida bure kote England nje ya saa za msongamano, kwa fedha za umma. Wasiokuwa sisi wamelitunga kuwa sheria, ilhali misingi yake imo vitabuni mwetu.

Basi enyi maimamu, mnapowahimiza watu kutoa sadaka, wakumbusheni na wenye madaraka. Mzee anayeshindwa kufika hospitali au msikitini kwa kukosa nauli atakuwa na dai mbele ya Allah, na dai hilo halitamhusu konda peke yake.

Wallahu a'lam.