Mayai ya samaki, barafu, na chanjo ya mwanao

1.
Wiki hii mama mmoja kaniuliza kliniki: "Nesi, mbona hilo sanduku la chanjo unalifungua na kulifunga harakaharaka kama kuna mtu atakuibia?" Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa kifupi tu. Nimefika nyumbani Mwenge, nimeinjika ugali, jibu langu bado linaniwasha. Kwa hiyo leo nawapa jibu refu, na linaanzia kwa samaki. Tulieni, tutafika.

2.
Kuna samaki anaitwa trauti. Si sato wala kibua, ni samaki wa Ulaya wa mito ya milimani. Anataka maji baridi, safi, yanayokimbia juu ya mawe. Mto wa vuguvugu kama hii yetu ya pwani unamuua.

Wazungu wengi hawamvui kwa njaa, ni mchezo. Mvuvi anasimama mtoni maji yamefika magotini, fimbo ndefu nyembamba mkononi. Kwenye ndoano hakuna chambo, kuna manyoya na nyuzi zilizofungwa zifanane na mdudu. Wenyewe wanaiita nzi. Anairusha juu ya maji taratibu, samaki adhani mdudu kaanguka. Wakati wa kiangazi mto unakuwa mwangavu mpaka kokoto za chini unazihesabu, lakini na trauti naye anakuona. Ukikanyaga vibaya tu, keshakimbia.

3.
Mito ya milima ya Kenya ilikuwa na baridi ya kutosha, ila trauti hakuwemo. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari yake ya Cape hadi Cairo, akaagiza mayai ya trauti kutoka Uskoti. Alitaka yafike mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, ambayo leo inaitwa pia Nyandarua.

Wewe unayenunua samaki Feri ukapanda naye daladala mpaka Mwenge jua la saa saba, unajua joto linavyofanya. Sasa fikiria mayai hai: meli kutoka Ulaya, kisha treni, kisha vichwa vya wapagazi kupanda mlima. Yalifika.

4.
Siri ilikuwa barafu. Tangu 1864 ilishafanikiwa: meli iitwayo Norfolk ilisafirisha mayai ya samaki kutoka Uingereza mpaka Australia, safari ya karibu miezi mitatu, yakiwa yamelazwa ndani ya chumba cha barafu.

Kwa nini inafanya kazi? Kwenye maji ya nyuzi 10 yai la trauti linatotolewa kwa kama wiki sita. Shusha mpaka nyuzi 5, linachukua karibu miezi mitatu. Yaani baridi inalilaza yai usingizi. Lakini likiganda, limekufa. Joto linaua, na kuganda kunaua. Shikeni hapo, tutarudi.

5.
Historia inamtaja Grogan. Waliobeba mzigo kichwani haiwataji. Na huyohuyo Grogan, mwaka 1907, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Nalisema hili kwa sababu mnaweza kudhani nasimulia hadithi tamu ya samaki.

Baadaye trauti alipata sheria na leseni zake, na pale Kiganjo karibu na Nyeri kukawa na kituo cha kuwazalisha. Binti mfalme Elizabeth alipoambiwa baba yake amefariki, tarehe 6 Februari 1952, alikuwa kwenye nyumba aliyozawadiwa kando ya mto Sagana, mto wa trauti. Kwetu Tanganyika nako Waingereza waliwapandikiza kwenye mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu kusini. Mimi mwenyewe nilisikia habari zake mara ya kwanza Mbeya, kwa mzee mmoja mgonjwa wangu. Yeye aliwaita "samaki wa mabwana".

6.
Sasa tuje kwenu. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa chanjo kwa watoto wote mwaka 1974. Tanzania tukaanza wa kwetu 1975. Hesabuni wenyewe: 1905 mpaka 1975 ni miaka 70.

Tuseme kweli, mwaka 1905 chanjo nyingi zilikuwa hazijapatikana. Ya surua yenyewe ni ya 1963. Kwa hiyo sisemi kuna mtu aliificha. Nasema hivi: barafu ilipandishwa mlimani kwa ajili ya mchezo wa watu wachache, miaka mingi kabla haijapandishwa kwa mpango kwa ajili ya mtoto wa mlimani. Ujuzi ulikuwepo. Vichwa vya kubeba vilikuwepo. Aliyekuwa hajafikiriwa ni mtoto.

7.
Na hata ukishafikiriwa, mnyororo baridi hukatika. Nikiwa mgeni kazini, kituo kimoja cha mkoani, friji yetu ilikuwa ya gesi. Gesi ikaisha mwisho wa wiki, hakuna aliyeona mpaka Jumatatu. Chanjo zote tukazitenga, hazifai. Nje mama kakaa na mtoto wa miezi tisa mgongoni, katoka kwao alfajiri kwa miguu. Nikamwambia, "Mama, samahani, njoo wiki ijayo." Akanitazama tu, akafunga kanga vizuri, akaondoka. Wiki iliyofuata chanjo zilikuja. Yeye hakuja.

Ndiyo maana nafunga sanduku harakaharaka.

8.
Kwa hiyo mama, jibu lako:

Chanjo za mwanao zinatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto linaziharibu, na baadhi zikiganda zinaharibika vilevile, kama yai la trauti.

Chanjo ya surua ikishachanganywa, mwisho wake ni saa sita, kisha inamwagwa. Ndiyo maana tunapenda mje asubuhi na mkae pamoja. Ile ni dawa tunaiokoa, hatuwasumbui.

Kwenye vichupa vingi kuna duara lenye kimraba katikati. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Kikifanana na duara au kikiwa cheusi zaidi, haitumiki. Omba uoneshwe. Nesi anayejua kazi yake hatakasirika.

Na ukiambiwa urudi wiki ijayo, tafadhali rudi. Surua ni miezi 9, halafu miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo wengi mnaisahau. Angalia kadi usiku huu kabla hujalala. Kama tarehe imepita, usione aibu, njoo tu. Mzigo umeshavuka bahari na kupanda milima. Kilichobaki ni kutoka kwako mpaka kliniki.

Usiku mwema, mama zangu.