Mikate ya Sikukuu ya Ester

Sisi wa Kipushi tukienda Lubumbashi, mwendo wa kilometa kama 30, twaiona huko nyumba ya sala isiyo kanisa wala msikiti. Ndiyo sinagogi ya Wayahudi, iliyofunguliwa mwaka 1930, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Watu hao walitoka wapi hata wakaja kukaa katika nchi ya shaba?

Wengi walitoka Rhodes, kisiwa cha bahari ya Mediteranea. Wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, lakini walishika lugha na mapishi ya huko kizazi kwa kizazi. Vijana wakaja Katanga kutafuta maisha kwa biashara, kisha wakawaita ndugu zao. Mwaka 1937 akafika Moïse Levy, rabi wao, akakaa nao hata 1991.

Kina mama walileta ufundi wa mikono yao. Kila mwaka, Februari au Machi, Wayahudi hufanya sikukuu ya Purimu. Habari yake twaisoma katika Kitabu cha Ester: Hamani alitaka kuwaua Wayahudi wote kwa siku moja, bali malkia Ester akawaombea kwa mfalme, wakapona. Ndipo Mordekai akaagiza watu wapelekeane vyakula, na maskini wapewe zawadi.

Basi mama wa Rhodes hukanda unga na mafuta, huukata viduara, hutia ndani lozi zilizotwangwa pamoja na sukari na mdalasini. Hukunja mfano wa nusu mwezi, huoka, kisha huchovya katika asali iliyochemshwa. Mikate hiyo huitwa travados. Nayo haibaki nyumbani yote. Sahani hupelekwa kwa jirani.

Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, watu kama 1,700, wakawapeleka Auschwitz. Waliopona ni kama 150 tu. Safari hii Hamani alipata alichotaka. Waliokuwa Katanga walipona kwa sababu walikuwa wameondoka. Na mama aliyekanda unga huku alikanda pia kwa ajili ya dada na shangazi wasio na kaburi.

Leo Wayahudi wa Lubumbashi ni wachache sana. Wengi walihamia nchi nyingine. Lakini tumejifunza neno kwao: mji waweza kufutwa kwa siku chache, na mapishi yake yakadumu mikononi mwa binti aliyefundishwa. Je, sisi twawafundisha wetu? Na sahani yetu ya sikukuu, yafika kwa jirani?